Mashine ya Linux ya mkononi inaganda na kujiwasha upya: tafuta kwanza nani anayeizima

Hapa Amu (Lamu) mashine ndogo za Linux zimeingia kimyakimya. Wapo vijana wenye konsoli za mchezo za Anbernic na Miyoo, ambazo mfumo wake mzima umo ndani ya kadi ya memori. Wachache wana Steam Deck, konsoli ya kampuni ya Valve, waliyoletewa na ndugu aliyeko Ulaya au Ghuba. Wanafunzi hujijengea vikompyuta juu ya bodi ya Raspberry Pi (Pi kwa ufupi), au hununua kompyuta ya mkononi ya vipande, uConsole ya ClockworkPi, na kuiunganisha wenyewe. Na wapo manahodha waliotia programu ya OpenCPN kwenye Pi yenye kioo, wapate kusoma ramani ya bahari bila kulipia chombo cha bei kubwa. Sura zao ni mbalimbali, lakini malalamiko yanayoletwa ni mawili tu: "inaganda" na "inajizima kisha inawaka".

Watu huyataja kwa pumzi moja, na hapo ndipo wanapopotea. Mashine inayojiwasha upya imezimwa na kitu. Ama stima imekosekana kwa sehemu ya sekunde, ama kerneli, kiini cha mfumo, imeanguka na ilikuwa imeamrishwa ianze upya ikianguka, ama saa ya ulinzi (watchdog) iliyo ndani ya chipu imeona kimya kimezidi ikapiga swichi. Mashine iliyoganda, kwa upande wake, stima inayo. Kuna kitu inakingoja nacho hakiji, na mara nyingi kitu hicho ni kadi.

Kwa hiyo swali la kuanzia ni "nani aliyeizima?" Wengi huanza na "nifute kila kitu niweke mfumo mpya?" Nawaomba waiache hiyo mpaka mwisho kabisa. Kufuta mfumo kunafuta ushahidi, na kama kosa ni betri utarudi pale pale jioni hiyo hiyo. Kama kosa ni kadi inayokufa, kuiandikia upya mfumo mzima ndiyo kuimalizia.

## Kabla hujagusa chochote

Nakili vitu vyako kwanza, maadamu mashine bado inawaka. Picha, mafaili ya kazi, hatua za mchezo wako ulizohifadhi, njia za bahari ulizozichora: vyote viende kwenye kompyuta nyingine au flashi.

Kisha hakikisha kwamba imeganda kweli. Ikiwa mashine iko kwenye mtandao wa nyumbani, ipigie `ping` (amri ya kuuliza kama iko) kutoka kwenye kompyuta nyingine, au ingia ndani yake kwa `ssh`. Ikijibu, mfumo uko hai na kilichokufa ni programu moja au picha ya kioo tu. Isipojibu, sikiliza sauti: sauti inayorudia kipande kile kile bila kukoma huonyesha kerneli yenyewe imesimama.

Mashine ikiwaka tena, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) usome iliandika nini kabla ya kuanguka:

`journalctl --list-boots`
`journalctl -b -1 -e`

Amri ya pili inakupeleka mwisho wa logi (daftari la matukio) ya mwako uliopita. Ukiona mistari ya kufunga huduma moja moja kwa utaratibu, basi mfumo wenyewe uliamua kuzima, pengine kwa joto au kwa betri kuisha. Logi ikikatika katikati ya mambo ya kawaida, bila kwaheri, stima ilikatika au mashine iliganda ghafla. Tofauti hiyo peke yake inakuondolea nusu ya kazi.

Baadhi ya mifumo haiweki logi baada ya kuzimwa. Fungua folda kwa `sudo mkdir -p /var/log/journal`, uiwashe upya huduma ya `systemd-journald`, halafu subiri kosa lijirudie. Baadhi ya konsoli ndogo za mchezo hazina kabisa systemd, msimamizi wa huduma na logi hizo. Huko utaambulia `dmesg` tu, yaani ujumbe wa kerneli, nayo husahau kila kitu mashine ikizima.

Angalizo moja kwa wenye Raspberry Pi 4 na za nyuma yake: bodi hizo hazina saa yenye betri. Ukiwa baharini bila intaneti, saa huendelea kutoka pale ilipohifadhiwa mara ya mwisho, kwa hiyo usishangae logi ikikwambia mashine ilianguka saa nne asubuhi na wewe wakati huo ulikuwa bado umelala. Fuata mpangilio wa mistari, usifuate saa.

## "Inazima ghafla kama imekatwa stima, kisha inawaka yenyewe"

Hili ndilo linaloongoza, na mkosaji wa kwanza ni betri iliyochoka.

Seli moja ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, na ikikaribia kuisha hushuka kuelekea 3.3 na chini yake. Seli mpya hushikilia volti zake hata prosesa ikivuta kwa nguvu. Iliyochoka haiwezi. Ni kama maji ya bomba katika nyumba ya ghorofa: jirani wa chini akifungua lake, wewe wa juu unabaki na matone. Ndiyo maana mashine inaonyesha asilimia 40, unafungua mchezo mzito, na papo hapo kioo kinakuwa cheusi. Ile asilimia ni makisio tu. Kilichoizima ni volti zilizoanguka kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kuona.

Jaribio jepesi: punguza mwangaza wa kioo, zima waifai, chomeka chaja nzuri, utumie vile vile unavyotumia siku zote. Ikitulia kwenye chaja na kuanguka ikiwa kwenye betri tu, huhitaji kutafuta mbali. Ukitaka kuona kwa macho, fungua terminali:

`watch -n1 cat /sys/class/power_supply/*/voltage_now`

Namba ni za volti zilizozidishwa mara milioni, kwa hiyo 3700000 ni volti 3.7. Fungua kitu kizito ukiiangalia. Ikiporomoka kwa ghafla kila unapofungua, betri imechoka. Steam Deck ina seli mbili zilizofuatana, hivyo namba zake ni karibu mara mbili ya hizi. Kwenye mashine zinazokubali, `upower -d` pia hukwambia betri imebakiwa na uwezo gani ukilinganisha na ilivyotoka kiwandani.

Ukibadilisha betri, usiamini kichwa cha waya kwa sababu kimeingia. Betri mbili zenye kichwa kile kile zaweza kuwa na chanya na hasi zilizopishana, na ukichomeka kinyume bodi inaungua kabla hujavuta pumzi. Pima kwa multimita kwanza. Na mashine zinazotumia seli za 18650, kama uConsole, usichanganye mpya na kuukuu. Zote mbili ziwe za aina moja, umri mmoja, na ziwe zimechajiwa.

Onyo: betri iliyofura, hata kidogo, hata kama bado inafanya kazi, ni mwisho wa safari. Zima, usichaji, usiibonyeze irudi ndani, usiitoboe. Iweke juu ya saruji au mchanga mkavu, mbali na makuti na mikeka, mpaka fundi aione. Usiende nayo uwanja wa ndege wa Manda: betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kwenye ndege. Na usiitupe baharini wala jaani pamoja na takataka zinazochomwa.

Mkosaji wa pili ni waya na chaja. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Waya mwembamba wa kuchajia simu hupoteza volti njiani, na Pi huanza kulalamika volti zikishuka chini ya 4.63 hivi. Yenyewe itakwambia ukiiuliza:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu la `0x0` ni salama. Ukiona `0x50000`, tangu iwake imewahi kukosa volti na kupunguzwa mwendo. Ukiona `0x50005`, inakosa sasa hivi unapoitazama. Badilisha waya kabla ya chaja. Waya mfupi, mnene, kisha uulize tena.

Hapa kwetu stima inakatika na kurudi, na wengi huweka pawabenki katikati: ukuta unachaji pawabenki, pawabenki inalisha mashine. Fikra nzuri, ila pawabenki nyingi hukata kidogo upande wa kutoa kila zinapoanza au kuacha kuchajiwa. Simu haitambui kwa sababu ina betri yake. Pi isiyo na betri hujiwasha upya. Mtu anaapa kwamba mashine ina kichaa, inaanguka kila stima ikirudi. Anasema kweli kabisa kuhusu muda, na kosa si la mashine. Jaribu bila mashine: chomeka taa ndogo ya USB kwenye pawabenki, kisha chomoa na uchomeke chaja ya ukutani. Taa ikipepesa, umeshapata.

Kwa wa mashua: kama Pi inalishwa na betri ya injini kupitia kile kibadilishi cha volti 12 kwenda 5, ukipiga stata volti za betri zinaanguka na kibadilishi kinakata. Ramani inapotea wakati ule ule unaoihitaji kutoka jetini. Ama lisha Pi kwa betri nyingine isiyo ya stata, ama tafuta kibadilishi kinachovumilia volti za chini zaidi upande wa kuingia.

Wa tatu ni tundu la chaji. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi na unyevu huzaa ile kutu ya kijani. Zima mashine, mulika tundu kwa tochi. Mchanga na pamba utoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Usitie sindano wala pini. Kutu nyepesi hutoka kwa brashi laini na spiriti safi ya isopropili, ya asilimia 90 kwenda juu, ukaiacha ikauke kabisa. Tundu likicheza ukilitikisa, limeachia bodi, na hiyo ni kazi ya mwenye pasi ya kulehemu na mkono uliozoea.

## "Picha imebaki kwenye kioo, haisikii kitu"

Dalili zake ziko wazi ukizijua. Vilivyokwisha kufunguka huendelea kidogo, lakini kipya hakifunguki. Mshale unatembea, ukibonyeza hakuna linalotokea. Ukiandika amri unajibiwa `Input/output error` au `Read-only file system`. Hiyo ni kadi, au mafaili yaliyo juu ya kadi. Tazama:

`sudo dmesg -T | grep -iE "mmc|ext4|i/o error"`

Mistari yenye `mmc0` na `error -110` maana yake mfumo uliiuliza kadi, ukangoja, kadi haikujibu.

Sababu inayotangulia ni mafaili yaliyoharibika kwa kukatwa stima katikati ya kuandika. Kila ajali ya betri uliyoisoma hapo juu huacha jeraha hapa, na ndiyo maana watu huleta mashine "inayoganda" kumbe ilianza kwa kujizima. Zima, toa kadi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine ya Linux, na bila kuipandisha (kuimount) endesha `sudo fsck -f`, amri ya kukagua na kutengeneza mafaili, kwenye pati (sehemu ya kadi) yenye mfumo. Hakikisha jina la pati kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza. Kwa pati ya michezo ya FAT32 au exFAT, Windows nayo inaweza kuitengeneza.

Inayofuata ni kadi dhaifu. Konsoli nyingi za bei nafuu huja na kadi isiyo na jina la maana, na rai yangu ni moja: ibadilishe siku ile ile unayoifungua sanduku. Nakili yote kwenye kadi ya kampuni inayojulikana, ile ya kwanza iweke droo. Kwa mashine inayoandika muda wote, kama ya OpenCPN inayohifadhi njia, nunua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi. Huvumilia kuandikwa zaidi.

Ya tatu ni kadi bandia. Imeandikwa GB 128, ndani ina 8, na prosesa yake imefunzwa kusema uongo. Inafanya kazi vizuri mpaka ufike kiasi chake cha kweli, halafu mafaili mapya yanapotea au kuharibika. Pima kwa F3: `f3write` hujaza nafasi iliyo tupu, kisha `f3read` huisoma tena na kukuonyesha kilichopotea. Hizo mbili hazifuti vyako, lakini kwenye kadi bandia kule kujaza kwenyewe kwaweza kuharibu vilivyokuwamo, kwa hiyo nakala iwe imeshatoka. Nayo `f3probe --destructive` hufuta, kama jina lake linavyosema.

Mara chache ni kadi nzima iliyokaa vibaya. Itoe, pangusa vidole vyake vya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka usikie imeshika. Nimeiandika mwisho kwa sababu haitokei sana, lakini kuijaribu ni dakika moja, kwa hiyo wewe anza nayo.

Onyo: kama ndani ya kadi kuna kitu kisicho na nakala na kadi imeanza kutoa makosa, acha kuitumia. Usiendeshe fsck. Kila kuandika kunapunguza kitakachookolewa. Chukua nakala kamili ya kadi nzima kwa `ddrescue` kwanza, ufanyie kazi nakala hiyo. Kama hujawahi kuitumia, mpe anayeijua.

Kuna kuganda kwingine kwenye Steam Deck ambako kadi haina hatia: picha imesimama, sauti ya mchezo inaendelea, na `dmesg` ina maneno `amdgpu` na `timeout`. Hapo chipu ya picha ndiyo imekwama. Ikitokea kwenye mchezo mmoja tu, kosa ni la mchezo au la toleo la Proton (kinachoendesha michezo ya Windows kwenye Linux) unalolitumia, badilisha toleo. Ikitokea kwenye kila mchezo hata baada ya sasisho, soma sehemu ya mwisho.

## "Inaganda kidogo, halafu inajiwasha"

Hapa kuganda ndiko kosa, kujiwasha ni matokeo. Kwenye Raspberry Pi saa ya ulinzi ya chipu hungoja sekunde kama 15 kerneli ikinyamaza, kwa hiyo ukimya wa muda kama huo kisha mwako mpya ni sahihi yake. Usiilaumu wala usiizime moja kwa moja, inafanya kazi yake.

Au kerneli imeanguka na imewekewa ijianzishe. Angalia `cat /proc/sys/kernel/panic`. Namba yoyote juu ya sifuri ni sekunde za kungoja kabla ya kujiwasha. Kwa ajili ya uchunguzi tu, andika `sudo sysctl kernel.panic=0`, ili ikianguka ibaki palepale; ukibahatika utaona maandishi kwenye kioo. Yapige picha kwa simu. Mstari wa juu na jina la moduli (kipande cha kerneli kinachoendesha kifaa fulani) inayotajwa ndivyo vya thamani, mengine ni mapambo. Kwenye baadhi ya mashine maandishi hayo hubaki ndani ya `/sys/fs/pstore` au `/var/lib/systemd/pstore`, kwa hiyo pachungulie pia.

Moduli ikiwa ya waifai, tumia mashine siku nzima waifai ikiwa imezimwa. Kitu ulichochomeka kwenye USB nacho kichomoe. Na kama umeongeza kasi ya prosesa, rudisha ya kiwandani: kwenye Pi ni kufuta mistari ya `arm_freq` na `over_voltage` katika `config.txt`. Watu hukasirika nikiwaambia hivi, kwa kuwa kasi hiyo "ilikuwa sawa tangu mwaka jana". Mwaka jana haikuwa Kaskazi kali ya mwezi wa pili, wala betri haikuwa na umri huu.

## "Ikishika moto tu, basi"

Soma joto:

`cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp`

62000 ni nyuzi 62. Raspberry Pi 4 hupunguza mwendo ikifika 80 na kuendelea. Kwa Steam Deck, Valve wanasema mazingira yawe kati ya nyuzi 0 na 35, chipu hupunguza kasi ikifika 100, na ikifika 105 mashine huzima. Ndani ya nyumba ya mawe, kwenye kivuli cha daka, huna tatizo mwaka mzima. Juu ya dau saa nane mchana, jua likipiga kioo cheusi, hata mashine nzima na mpya itashindwa.

Joto peke yake kwanza hupunguza mwendo. Kama yako inaanguka kwa nyuzi 55 au 60, joto halikuiua moja kwa moja. Limefichua betri dhaifu au kiungo cha bodi kilichoachia. Rudi kwenye betri.

Sababu za kawaida: kutumia huku unachaji chini ya mto au ndani ya mfuko wa kava, kisha mchanga. Mchanga wa Shela ni mwembamba mno, unaingia kwenye feni na kukaa. Zima, shika feni isizunguke, pulizia hewa kwa pampu ya mkono. Usipulize kwa mdomo, unatia mate. Feni ikiwa kimya kabisa mashine ikiwa moto, imekufa. Pesti ya joto, ile inayopakwa juu ya chipu, iliyokauka huja baadaye, kwa mashine ya miaka, na inataka kufungua.

Usiitie kwenye friji ipoe. Ukiitoa, unyevu wa hewa yetu utaganda juu ya bodi kwa matone.

## "Inakwama nikifungua vitu vingi"

Memori imejaa. `free -h` itaonyesha, na logi itakuwa na `Out of memory: Killed process`. Miyoo Mini ina MB 128 tu. Usiidai kazi ya kompyuta. Kwenye Pi yenye GB 1 au 2, kivinjari chenye kurasa kadhaa kinatosha kuilaza.

Hii hufanana na kufa lakini siyo: mfumo unahamisha memori kwenda kwenye kadi, na kadi ina mwendo wa pole. Ingoje dakika tano kabla ya kuizima kwa nguvu. Ikirudi, funga kurasa, kisha weka zram, inayobana data ndani ya memori yenyewe, badala ya swapu ya kwenye kadi, utapata nafuu na kadi itaishi zaidi.

## "Nembo inatokea, inapotea, inatokea tena"

Kwanza ichaji ikiwa imezimwa, nusu saa au zaidi, kwa waya unaouamini. Betri tupu huweza kuwasha nembo lakini isiweze kumalizia. Chomoa kila kilichochomekwa. Jaribu kadi nyingine yenye mfumo safi. Ikiwaka, bodi ni nzima na kazi iko kwenye kadi ya zamani.

Mara nyingi kilichotangulia ni sasisho lililokatika katikati, stima ilipoondoka. SteamOS huweka nakala mbili za mfumo: shikilia kitufe cha nukta tatu, uwashe, uchague toleo la nyuma. Mifumo mingine haina huruma hiyo. Kwa kadi, ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama nafasi imeisha kwa `df -h`, hasa pati ya `boot`. Logi zikiwa ndizo zilizojaza, mashine ikishawaka ziondoe kwa `sudo journalctl --vacuum-size=100M`. Na kuanzia hapo, sasisha betri ikiwa imejaa.

Ipo pia mashine inayolazwa (suspend) isiamke; hiyo sitaikawiza: shikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime, iwashe, sasisha kerneli, isipopona, zima usingizi kwenye mipangilio uwe unaizima kabisa. Kwenye mashine nyingi za ARM (prosesa za aina ya simu) usingizi haujawahi kuwa imara.

## "Haina mpangilio, mara hivi mara vile"

Ukishabadilisha betri, waya na kadi, joto liko sawa, kasi ni ya kiwandani, na bado inaanguka, imebaki memori ya ndani au bodi. `sudo memtester 200M 3` hupima memori. Punguza namba ikiwa mashine ni ndogo. Kosa hata moja linatosha. Chipu hiyo imelehemiwa na haibadilishwi nyumbani.

Hapa kwetu bodi hufa zaidi kwa chumvi kuliko kwa kuanguka. Mashine iliyopata rasharasha za bahari yaweza kwenda vizuri wiki kadhaa kabla ya kuanza vituko. Iliyotumbukia, usijaribu kuiwasha kuona kama imepona. Zima, toa betri kama inatoka kwa urahisi, usiizike kwenye mchele: mchele haunyonyi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula shaba. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, aioshe bodi kwa maji yaliyokenekwa (distilled) na spiriti kabla haijakauka na chumvi yake.

## Pa kukomea, na cha kumpelekea fundi

Acha mara moja ukiona betri imefura, ukinusa harufu tamu au ya kuungua, chaja au tundu likikuchoma kidole, ukiona moshi, au mashine ikiwa moto hali imezimwa. Acha pia kama kuifungua kunataka kung'oa betri iliyogandishwa kwa gundi. Kuitoboa kwa bisibisi ni rahisi kuliko unavyodhani. Nahodha, mashine ya ramani ambayo haijakaa siku kadhaa bila kuanguka haifai kutegemewa nje ya Manda. Beba dira na simu yenye ramani.

Kwa fundi nenda na chaja na waya unaotumia kila siku, siyo mzuri uliouazima. Nenda na picha ya maandishi ya kuanguka au logi kwenye flashi, na maneno mafupi: inaganda au inazima, kwenye betri au kwenye chaja, ikiwa baridi au moto, na ulichobadilisha. Kama fundi yuko Mombasa na mzigo unavuka Mokowe kupanda basi, hakikisha betri haijafura na mashine imezimwa kabisa, siyo kulazwa. Kadi yako itoe ubaki nayo. Fundi ana ya kwake ya kupimia.